Swichi za dashibodi kwa gari la kuunda mwenyewe: ipi uanze nayo, ipi uiache dukani

Wanaounda magari wenyewe hapa Dar, iwe bagi (kigari chepesi cha mchangani) ya kukimbiza ufukweni Kigamboni au Land Rover iliyobaki chasi tu, huacha swichi mpaka mwisho kisha huzinunua kwa macho. Inayong'aa ndiyo inayobebwa. Swichi ichaguliwe kwa maswali mawili: kichwa cha abiria kikiigonga itakuwaje, na je, mkono wa dereva utaipata gizani huku macho yapo barabarani?

Swali la kwanza lina vipimo. Kanuni Na. 21 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu vitu vya ndani ya gari, inasema swichi ngumu iliyojitokeza kati ya milimita 3.2 na 9.5 iwe na kingo za mviringo, nusu kipenyo kisipungue milimita 2.5, na eneo la mkato wake karibu na ncha lisiwe chini ya sentimita 2 za mraba. Ikizidi milimita 9.5, inapaswa kuzama au kuchomoka inaposukumwa kwa nguvu ya nyutoni 378, sawa na uzito wa kilo 38 na ushee. Uingereza, ambako magari ya kuunda nyumbani ni mengi, ukaguzi wao uitwao IVA huangalia mambo hayohayo. Eneo lililokingwa na usukani, pamoja na ukanda wa milimita 127 kuuzunguka, halimo kwenye kipimo hicho. Kwa hiyo hatari kubwa iko katikati ya dashibodi na upande wa abiria.

Namba moja kwangu, bila kusita, ni swichi za kwenye nguzo ya usukani zilizovuliwa kwenye Toyota. Za mtumba zimejaa Gerezani na Kariakoo. Indiketa, taa na waipa vyote viko kwenye ncha za vidole, na indiketa inajizima yenyewe ukishamaliza kona. Hakikisha unaipata pamoja na soketi yake na waya zenye urefu wa kutosha. Iliyokatwa waya shingoni itakusumbua. Omba ipimwe kwa kipima-umeme, kila hatua, kabla hujatoa hela.

Namba mbili ni swichi bapa za kubinua, zile zinazokaa karibu sawa na uso wa dashibodi. Zinafaa kwa hazadi (taa za tahadhari), feni na taa za ziada. Soma maandishi ya mgongoni: unatafuta ampea kwa volti 12 za DC, yaani umeme wa betri. Iliyoandikwa 250V AC peke yake ni ya nyumbani. Umeme wa ukutani hupita kwenye sifuri mara 100 kwa sekunde, hivyo cheche hukatika. Wa betri haupiti sifuri, na cheche huendelea kula vigusio vya swichi. Hata ukipata nzuri, taa kubwa zipitishie kwenye rilei, swichi ya umeme inayobeba mzigo mkubwa kwa amri ya swichi ndogo. Globu mbili za H4 za wati 60 ni wati 120, yaani ampea 10 kwenye volti 12, na mzigo huo usiupitishe kwenye swichi unayoibonyeza. Hazadi iwe na njia yake ya fyuzi kutoka kwenye betri, ili ifanye kazi hata ufunguo ukiwa umezimwa. Gari likikuharibikia usiku Barabara ya Morogoro, hiyo ndiyo swichi utakayoitafuta kwanza.

Kama gari lako halina paa, chukua zenye alama ya IP67, yaani zisizopitisha vumbi wala maji. Hewa ya chumvi ya pwani na mvua ya masika hutia kutu tamino (ncha za kuunganishia waya) za kawaida haraka sana.

Vibonyezo vya chuma vyenye pete ya taa nimeviweka namba tatu. Havijitokezi sana na vingi vinazuia maji, ila ukivipapasa gizani vyote ni sawa, huwezi kuvitofautisha. Kimoja cha kuwashia injini kinatosha. Zile za kuvuta za magari ya zamani ni za nne, na ziwekwe eneo la usukani tu.

Za mwisho ni zile za chuma nyembamba za kupandisha na kushusha, zinazofanana na za ndege. Najua zinapendwa. Lakini ncha yake haikaribii sentimita 2 za mraba, nyingi zinavuka milimita 9.5, na hazizami zikisukumwa. Mbele ya abiria ni msumari. Anayezitaka lazima azifiche ndani ya kishimo au nyuma ya usukani.

Usisahau taa za kuashiria: buluu kwa taa kamili (full), kijani kwa indiketa, nyekundu kwa hazadi. Dukani nenda na rula, pima urefu wa kujitokeza ukiwa palepale mezani. Muuzaji akikukatalia kupima, sogea meza ya jirani.