Barabara ya kusini tukiwa wawili: Mikumi, Udzungwa, Ruaha, na vitanda tulivyolalia

Kama mko wawili, mna gari zima na hela ambayo si ya kutupa, msikimbilie hifadhi za wanyama za kaskazini. Nendeni kusini: Mikumi, Udzungwa, Iringa, halafu Ruaha. Na mkifika Ruaha laleni kwenye mabanda ya hifadhi yenyewe, na chakula chenu mkibebe kutoka nyumbani. Hilo ndilo neno langu, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza mjue macho yangu hutazama nini. Mimi ni fundi wa mashuka na mapazia, Tabata. Chumba nakianzia kitandani. Nageuza shuka niangalie pindo, nashika chandarua nione kama kimezibwa matundu kwa uzi au kwa gundi, ndipo natazama dirisha. Mume wangu, Baba Rehema, ameendesha semitrela kwenda Zambia mpaka alipostaafu. Barabara ya Dar hadi Tunduma anaijua tuta kwa tuta. Mikumi alipita usiku na mchana, twiga wakivuka mbele ya lori, na miaka yote hiyo hakuwahi kukata kona akaingia getini, maana mzigo wa mtu haungoji. Safari hii niliipanga ili aingie.

Kutoka Dar hadi Mikumi ni kama kilomita 280. Barabara kuu inapita katikati ya hifadhi kwa kilomita 50 hivi, na wengi wetu tukishaona swala wawili kupitia dirisha la basi tunasema Mikumi tumeshaiona. Hatujaiona. Uwanda wa Mkata uko ndani, na ukiingia asubuhi kabla jua halijakaza unakuta pundamilia, nyumbu na swala pala wamejaa mpaka upeo wa macho, nyati kwa mbali, na tembo wakitoka upande wa miti. Kuna na bwawa la viboko, ambako unaweza kukaa hata saa nzima bila kuchoka. Baba Rehema alizima injini pale uwandani, akakaa mikono ikiwa kwenye usukani. Baadaye akaniambia, "Mama Rehema, kumbe ndiko wanakotoka. Mimi nilikuwa nawaona wanapovuka tu, sijui wanatoka wapi wala wanakwenda wapi." Kwangu mimi kiingilio kilikuwa kimesharudi.

Na kiingilio chenyewe ni hiki: kwa raia wa Afrika Mashariki, mtu mzima alilipa shilingi 5,000, hapo kodi ya ongezeko la thamani bado haijawekwa. Sisi wawili tulilipa chini ya bei ya kuku mmoja wa kienyeji. Gari linalipiwa peke yake. Getini hawataki noti. Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu. Hakikisheni salio lipo kwenye simu kabla ya kufika, na vitambulisho vya taifa viwe mfukoni.

Mikumi tulilala mjini, gesti ya kawaida pembeni ya barabara kuu. Shuka zilikuwa za pamba, zimepauka kwa kufuliwa lakini safi, pindo limeshikwa vizuri. Malori yanapanda gia usiku kucha. Baba Rehema alilala fofofo, mimi nilihesabu breki. Kwa bei ile sina la kulalamika, ila ombeni chumba cha nyuma.

Kutoka mji wa Mikumi mnaacha barabara kuu, mnashuka kusini kuelekea Kidatu. Joto linabadilika, miwa inaanza, matrekta ya sukari yanawatangulia polepole. Hapo Kidatu mnavuka daraja la mto Ruaha Mkuu. Ukumbukeni mto huo, kwa sababu safari nzima inaupanda. Mbele kidogo ni Mang'ula, mlango wa Hifadhi ya Milima ya Udzungwa.

Udzungwa haina barabara za magari ndani yake. Ni ya miguu. Ilianzishwa mwaka 1992, ina kilomita za mraba 1,990, na msitu wake unapanda kutoka mashambani hadi milimani juu ya mita 2,500. Lazima mwende na mwongoza watalii wa hifadhi, na ni vizuri iwe hivyo, maana bila yeye tungepita chini ya mbega mwekundu tukidhani ni tawi linalotikiswa na upepo. Tulipanda hadi maporomoko ya Sanje, ambako maji yanaanguka mita 170. Njia ni ya kupanda kwelikweli. Mgongo wa dereva wa masafa marefu si mgongo wa kijana, hivyo tulikwenda kwa mwendo wetu, tukapumzika kila alipotaka, na kijana aliyetuongoza hakutuharakisha hata mara moja. Ndiye aliyetueleza kwamba msitu huu una nyani wa aina yake, ngolaga wa Sanje, ambaye wanasayansi walimfahamu mwaka 1979 tu, na hapatikani popote duniani nje ya milima hii. Wenyeji walikuwa wakimjua siku zote, akaongeza, na alisema kweli.

Juu pale kuna dimbwi la kuogelea. Maji ni baridi ya kukata pumzi. Baba Rehema aliingia na kaptula, akapiga kelele mpaka ndege wakaruka.

Mang'ula tulilala kwenye vibanda vya makuti ukingoni mwa msitu. Nawapa alama za juu kabisa kwa chandarua: kikubwa, kimeshonwa kwa umbo la kitanda, kinafika chini ya godoro bila kuvutwa. Watu hawajui ni vigumu kiasi gani kupata kitu hicho. Chakula cha jioni kilikuwa wali wa Kilombero na samaki, na wali wa Kilombero ukiula Kilombero unanukia mpaka nje ya mlango.

Mnarudi Mikumi, mnaendelea na barabara kuu. Bonde la mibuyu sitalieleza sana, ila piteni mchana. Miti mikubwa pande zote, mto Ruaha kando ya barabara, na pale Ruaha Mbuyuni mnanunua vitunguu, vyekundu na vikavu. Kisha Mlima Kitonga. Hapo usukani ni wa Baba Rehema na mazungumzo pia ni yake. Alinionyesha kona baada ya kona: hapa malori hukata breki, hapa usimpite mtu hata akikuwashia taa, hapa mwenzetu mmoja alilala siku mbili akingoja spea. Nimeolewa naye miaka mingi nikimngoja nyumbani, na sikuwa nimewahi kuona alipokuwa. Ikiwa mwenzio anafanya kazi ya barabarani, mpande gari siku moja mwende wote.

Iringa ni baridi, bebeni sweta. Mkahawa wa Neema Crafts ni wa kupita bila kukosa: mradi huo ulianzishwa mwaka 2003 kuwapa kazi watu wenye ulemavu, na wahudumu wengi ni viziwi. Unaagiza kwa kuandika au kwa ishara, na ishara zimechorwa ili ujifunze. Nilikaa muda mrefu kwenye chumba cha kufuma. Kazi yao ya pindo ni safi, nasema hivyo kama fundi. Njia ya kwenda Ruaha inapitia Kalenga, na hapo kwenye makumbusho lipo fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Simameni. Nusu saa inatosha, na wazee wa pale wakikusalimu "kamwene," itikia kwa adabu.

Sasa jambo lililoniuma. Njiani kuelekea Ruaha nilikuwa nimeshika chumba usiku mmoja kwenye hoteli ya kitalii, jina nalihifadhi, kwa sababu ya picha zake: kitanda kikubwa, kibaraza, machweo. Tulifika tukiwa na vumbi kama kila mgeni wa barabara ile ya changarawe. Aliyetupokea alimuuliza mume wangu wageni wake wako wapi. Akamwonyesha kwa kidole upande wa vyumba vya madereva. Baba Rehema akajibu kwa upole, "Mgeni wangu ni huyu, mke wangu." Waliomba radhi, wakatuletea juisi, na chumba kilikuwa kizuri, shuka nzito za pamba ambazo mimi mwenyewe ningejivunia kuzishona. Lakini usiku ule sikufurahia shuka. Mtanzania mwenye miaka zaidi ya sitini, amelipia chumba kwa hela yake, katika nchi yake, anafikiriwa moja kwa moja kuwa ameleta watu wengine. Wenye hoteli wanaosoma haya wawafundishe watu wao wa mapokezi: mgeni ni aliyesimama mbele yako.

Kesho yake tulihamia mabanda ya hifadhi, Msembe, na moyo wangu ukatulia.

Hifadhi ya Ruaha iko kama kilomita 130 kutoka Iringa. Mwaka 2008, ilipounganishwa na pori la akiba la Usangu, eneo lake lilipita kilomita za mraba 20,000, na kati ya hifadhi za taifa nchini inayoizidi ni Nyerere peke yake. Mkishaingia mnavuka mto Ruaha Mkuu tena, darajani Ibuguziwa, na viboko wako chini yenu. Msembe ni makao makuu, na mabanda ya zamani yako karibu na mto. Ni vyumba vya kawaida: kitanda, chandarua, kiti cha kukaa nje. Shuka zilikuwa nyepesi, safi. Hakuna aliyeuliza mume wangu ni dereva wa nani. Askari wa zamu alitusalimu shikamoo, akatuambia tusitembee usiku kwa sababu tembo wanapita kati ya mabanda, na tusiache machungwa wala ndizi ndani ya gari. Usiku huo walipita kweli. Tuliwasikia wakivunja matawi nje ya ukuta, tukashikana mikono kama tulivyokuwa hatujashikana tangu watoto wawe wadogo.

Tulipika wenyewe kwa mtungi mdogo wa gesi: wali, dagaa wa kukaanga na vitunguu vya Mbuyuni. Asubuhi chai ya rangi, kisha gari. Simba tuliwaona chini ya mbuyu, jike na watoto. Tuliona tandala wakubwa wenye pembe za kujisokota, twiga wengi kuliko Mikumi, na mamba. Lakini kilichotukaa ni mto Mwagusi. Kiangazi Mwagusi ni mchanga mtupu, na tembo wanasimama mchangani wakichimba kwa mkonga na mguu mpaka maji yatokeze. Wakimaliza kunywa wanaondoka, na wanyama wadogo wanakuja kwenye mashimo yale yale.

Mto mkuu wenyewe ulikuwa vidimbwi. Viboko walibanana kwenye maji yaliyobaki, mgongo kwa mgongo. Zamani Ruaha Mkuu ulitiririka mwaka mzima. Tangu 1993 maji yake hukatika kiangazi ndani ya hifadhi, kwa kuwa huko juu, Usangu, yanachepushwa mashambani kumwagilia mpunga, na mifugo mingi imeingia kwenye ardhi oevu. Mchele niliokuwa nimeuosha asubuhi ile ulikuwa wa Mbeya, na mwingi wa mchele huo hutoka Mbarali, huko huko Usangu, kwa maji haya haya. Siwalaumu wakulima; nawalisha wanangu jasho lao. Lakini mfereji usio na shamba lenye mmea kiangazi ufungwe, maji yarudi mtoni. Mto huu ukitoka hifadhini unaingia Mtera, unazungusha mitambo ya megawati 80, unashuka hadi Kidatu kwenye megawati 204, kisha Rufiji. Cherehani yangu ya umeme pale Tabata inaunywa kila siku. Niliyaona hayo yote kwa safari moja, kutoka daraja la Kidatu hadi mchanga wa Msembe, na nataka kila anayewasha taa Dar es Salaam aje ayaone.

Kama nafasi yenu ni ya hifadhi moja tu, iwe Ruaha, kati ya mwezi wa nane na wa kumi, wanyama wanapokusanyika kwenye maji. Magoti yakiwa mazima, ongezeni Sanje. Nguo za bluu na nyeusi ziacheni nyumbani, mbung'o wanazipenda. Bebeni shuka moja yenu, maji ya kunywa ya kutosha na spea tairi iliyojaa upepo, na tangi mlijaze Iringa, kwa sababu mbele ya hapo mafuta ni ya kubahatisha.