Siku sita kwenye barabara ya kulipia Nairobi: maoni ya dereva wa Mtwara

Naendesha Fuso, Mtwara kwenda Dar na kurudi. Mwaka huu nilikwenda Nairobi kumwona mdogo wangu, akaniachia usukani wa gari lake siku sita. Karibu kila siku tulipita Nairobi Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo mpaka Westlands.

Malipo yanakatwa kwa kifaa cha kielektroniki, chenyewe ni kidogo tu, kimebandikwa kwenye kioo cha mbele. Ukikaribia geti unapunguza mwendo, kinalia "pii", geti linanyanyuka, unapita. Siku ya kwanza nilikanyaga breki kabisa. Sisi wa magari makubwa tumezoea mizani na vizuizi, ukiona geti unasimama. Mdogo wangu akacheka: "Kaka, usisimame, we tembea tu." Salio likipungua unaongeza kwa simu.

Upande wa huduma sina neno. Bei ndiyo inauma: tangu 2024 gari dogo linalipa shilingi 500 za Kenya mwanzo hadi mwisho, karibu elfu kumi ya kwetu. Ilipofunguliwa 2022 ilikuwa 360. Na pesa hiyo haiendi moja kwa moja serikalini. Kampuni ya Kichina iliyojenga inajirudishia gharama zake kwa miaka 27, ndipo ikabidhi barabara. Lakini asiye na pesa anashuka chini, Mombasa Road, anapita bure. Foleni ipo, ila njia anayo.

Hapo ndipo nilipowaza kwetu. Kusini tuna barabara moja ya kwenda Dar. Mei 2024, baada ya mvua za kimbunga Hidaya, ilikatika pale Somanga, na aliyetaka kusafiri ikambidi azunguke Masasi, Tunduru, Songea. Ukiweka geti Somanga au Nangurukuru, mwenye bodaboda ya samaki apite wapi? Tozo ya barabara tayari tunailipa kwenye kila lita ya mafuta.

Hata hivyo kifaa kile nimekipenda. Kwenye mafuta sijui nimechangia shilingi ngapi wala zimeziba shimo gani. Pale Nairobi kila geti lilinionyesha nimekatwa kiasi gani. Serikali inapanga barabara ya kulipia Kibaha hadi Chalinze. Ikijengwa na ile ya zamani ikabaki bure, mimi nafunga kifaa siku ya kwanza.

Nawapa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya bei.