Darasa la saladi ya tambi baridi, Arusha: mapishi nayasifu, mwalimu simsifu

Saladi ya tambi baridi tuliyofundishwa katika darasa moja la mapishi la Jumamosi huku Njiro ni tamu kuliko nilivyotarajia, na kama ningekuwa nahukumu chakula peke yake ningewashauri mlipe ada yao bila kusita. Kilichonisukuma kuandika, hata hivyo, ni namna mwalimu wa darasa hilo alivyomwaibisha mama mtu mzima mbele ya watu kwa jambo ambalo mama alikuwa na haki na mwalimu hakuwa na ujuzi nalo. Muda umepita tangu siku ile na hasira yangu haijatulia.

Nimpe kwanza haki yake. Tambi za ngano alizichemsha katika maji mengi, akaziacha ziive mpaka katikati kwa kuwa baridi huzikaza tena, kisha akazimimina kwenye chujio na kuzisuuza chini ya bomba huku akizifikicha taratibu kwa vidole mpaka utelezi wa wanga ukaisha. Sisi tuliozoea tambi za sukari na iliki za mwezi wa Ramadhani tulishangaa kuona tambi zilizoiva zikioshwa, lakini alieleza vizuri kwamba wanga ukiachwa tambi hugandamana zikawa donge, na kwamba maji yasipochuruzika yote sosi hupwaya. Matango, karoti na kabichi, vyote vya sokoni Kilombero, alivikata vipande vyembamba virefu ili vishikane na tambi. Kwa gramu 250 za tambi alichanganya vijiko vitatu vya soya sosi, viwili vya siki, viwili vya asali na kimoja cha mafuta ya ufuta, pamoja na tangawizi ya Same iliyokunwa, kitunguu saumu na pilipili. Juu akanyunyiza giligilani na karanga zilizokaangwa na kutwangwa nusunusu. Hapo sina lawama hata moja.

Lawama inaanzia kwenye asali. Tuliambiwa mapema kwamba kila mshiriki aje na chupa yake, na ulikuwa ule msimu wa baridi wa katikati ya mwaka ambapo Arusha hata mafuta ya nazi hayamiminiki asubuhi. Mama mmoja, ambaye kwa umri wake wengi wetu tulimwamkia shikamoo, alikuja na asali aliyoletewa na mwanawe kutoka Manyoni, mkoani Singida. Ilikuwa imeganda chupa nzima, rangi yake njano iliyofifia, yenye chembechembe laini. Shefu, kama alivyotaka tumwite, aliinyanyua chupa juu kila mtu aione, akasema, “Mama, hapa umeuziwa sukari. Asali ya kweli haigandi.” Mama akamjibu kwa upole, “Mwanangu, hii imerinwa kwetu, kijana wangu alikuwepo.”

Mtu mwenye malezi angeishia hapo. Yeye alichukua njiti ya kiberiti, akaichovya kichwa katika asali ile, akaifuta kidogo kwa kidole, akaisugua ubavuni mwa kiberiti. Haikuwaka. Akaisugua tena, baruti ikachubuka na kuacha mstari mnato wa kahawia, naye akatugeukia na kusema, “Mmeona wenyewe? Imechakachuliwa.” Wapo waliocheka. Mama alifunga kifuniko, akaifuta chupa kwa ncha ya khanga yake, akairudisha kwenye mkoba, na tangu dakika ile hakuuliza tena swali lolote, ingawa ndiye aliyekuwa akiuliza maswali ya maana kuliko sisi sote. Nikasema, “Lakini Shefu, asali si huganda kukiwa na baridi?” Akanijibu bila kunitazama, “Dada, umelipa ufundishwe au umelipa ufundishe?”

Mimi nimekulia Babati katika nyumba yenye mizinga, kwa hiyo jambo hili siwezi kuliacha lipite. Asali ina sukari kuu mbili, fruktosi ambayo kwa wastani ni kama asilimia 38, na glukosi ambayo ni kama asilimia 31, huku maji yakiwa asilimia 17 hivi. Glukosi haiyeyuki kwa wepesi katika maji machache namna hiyo, hivyo hujitenga na kufanya chembe, na chembe ikishapatikana moja nyingine huifuata. Kasi ya kuganda huwa kubwa zaidi kwenye nyuzijoto zinazokaribia 14, na yeyote aliyelala Arusha mwezi wa Julai anajua kwamba hilo ndilo joto la jikoni kwetu alfajiri. Asali inayotokana na maua yenye glukosi nyingi huwahi kuganda, na ile yenye fruktosi nyingi hukaa kimiminika kwa muda mrefu. Kuganda hakuonyeshi kwamba ni ya uongo, wala kutoganda hakuonyeshi kwamba ni ya kweli. Njiti ya kiberiti nayo haithibitishi kitu, kwa sababu sharubati nzito ya sukari yenye maji machache huiacha njiti iwake vizuri, na asali safi iliyoshika baruti huizuia isiwake. Uchakachuaji wa asali upo, sikatai, na wanunuzi wanaumia. Lakini unabainishwa maabara, si kwa kiberiti mbele ya kadamnasi.

Na hata kama lengo lilikuwa kulinda ladha ya sosi, asali iliyoganda haina kizuizi chochote. Chupa huwekwa ndani ya maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzijoto 40, kifuniko kikiwa kimelegezwa, nayo hurudi kuwa kimiminika bila kupoteza harufu yake. Usipotaka hata hayo, unaikoroga moja kwa moja ndani ya siki na soya kabla ya kutia mafuta, kwa maana mafuta yakitangulia huifunika asali nayo ikabaki chini ya bakuli. Mwalimu anayetoza ada kufundisha sosi ya asali alipaswa kulijua hili kabla ya kujua namna ya kupanga karanga juu ya sahani.

Baada ya darasa nilimwomba yule mama aniuzie nusu ya asali yake, akanipa na kukataa fedha mpaka nikamlazimisha. Nilipotengeneza saladi ile nyumbani kwa asali ya Manyoni, nikaiweka kwenye friji kwa saa moja hivi na kuwapakulia watoto baada ya kurudi shule, ilishinda ile ya darasani kwa mbali. Fruktosi hukolea utamu inapokuwa ya baridi, kwa hiyo vijiko viwili vilitosha kabisa, na ile harufu ya maua ya porini ilisikika hata chini ya tangawizi. Bakuli lilirudi jikoni tupu. Ndiyo maana nilianza kulegea, nikawa nataka kuandika kwamba nendeni tu, mvumilie mdomo wake, mapishi yanalipa.

Kisha nikawaandikia wenye darasa ujumbe, kwa lugha ya heshima, nikaeleza yaliyotokea na kuomba mama yule aombwe radhi. Majibu yalikuja kwamba wanathamini maoni yangu na kwamba nimepewa punguzo la nusu ya ada kwa darasa lijalo. Punguzo nimepewa mimi! Mimi sikuitwa mnunuzi wa sukari mbele ya watu. Jina la mama halikutajwa popote katika ujumbe huo, wala hakuna aliyesema kwamba alichofundishwa kila mtu pale kuhusu asali kilikuwa si kweli, ina maana wapo waliorudi makwao wakamwaga asali nzuri kwenye sinki.

Kwa hiyo nayafuta niliyoyasema mwanzo kuhusu kulipa ada bila kusita. Vipimo vya sosi nimewapa hapo juu, tambi zinapatikana duka lolote, na asali iliyoganda msiikimbie. Punguzo lao nimelikataa. Wakimpigia simu yule mama na kumwomba radhi nitayabadilisha maneno haya siku hiyo hiyo, kwa sababu namba yake wanayo, aliiandika kwenye daftari lao la usajili kama sisi wengine. Niliongea naye juzi, na walikuwa hawajampigia.