Tathmini ya mafuriko na tetemeko kwa ajili ya bima ya nyumba: uzoefu wangu

Kampuni ya bima ilikataa kuniongezea kinga ya mafuriko na tetemeko la ardhi mpaka nilete ripoti ya mtathmini wa hatari. Nikalipia huduma hiyo, mtathmini akaja, ripoti nikaisoma yote. Kwa kifupi, upande wa mafuriko pesa yangu haikupotea, ila wa tetemeko haukuniridhisha.

Nianze na mafuriko. Jamaa alikuja na vifaa vya upimaji, akapima sakafu ya ndani imeinuka kiasi gani kutoka ardhini, kisha akalinganisha ardhi yenyewe na mto. Hapo ndipo ripoti yake ilipoizidi ramani. Kwenye ramani ya mafuriko kiwanja changu chote kimepakwa rangi ya hatari, na kwa ramani peke yake ningetozwa ada sawa na mtu ambaye sakafu yake imelala juu ya ardhi. Lakini bima hailipii kiwanja kulowa. Inalipia plasta, nyaya, milango na makabati, na vyote hivyo viko juu ya sakafu. Maji yakiishia chini ya kizingiti, hasara ni ndogo. Yakikivuka kidogo tu, ni balaa. Ripoti ina jedwali linaloonyesha kila kina cha maji kingekula sehemu gani ya thamani ya nyumba. Nilipoipeleka, ada ya mafuriko ilipunguzwa.

Walifafanua pia "mafuriko ya miaka 100", maneno yanayopoteza wengi. Si kwamba yakishakuja mwaka huu basi umepumzika karne nzima. Ni uwezekano wa 1% kila mwaka, na ukikaa kwenye nyumba hiyo miaka 30, uwezekano wa kuyaona walau mara moja unafika takriban 26%. Tena wakatenganisha maji ya mto na maji ya mvua yanayokosa pa kupita, jambo ambalo ramani nyingi hulipuuza. Kimbunga Harvey kilipoipiga Houston mwaka 2017, nyumba nyingi zilizofurika zilikuwa nje ya maeneo yaliyochorwa kuwa ya hatari.

Tetemeko sasa. Kurasa ni nyingi, lakini karibu zote zinazungumzia ukanda mzima, nyumba yangu imeguswa juu juu. Wametumia kipimo cha kawaida cha wahandisi: mtikisiko wenye uwezekano wa 10% wa kuzidiwa ndani ya miaka 50, yaani wastani wa mara moja kila miaka 475. Sina ugomvi na hilo. Ila udongo hakuna aliyeugusa, na udongo laini hukuza mtikisiko. Mwaka 1985 kitovu cha tetemeko kilikuwa zaidi ya kilomita 300 kutoka Mexico City, na bado majengo yaliyosimama juu ya tope la ziwa la kale yaliporomoka.

Na nyumba yenyewe? Wameandika "nyumba ya matofali", basi. Hakuna aliyeniuliza kama kuta zina nondo, kama kuna linta ya zege inayozunguka nyumba nzima, au kama paa limefungwa vizuri kwenye kuta. Nyumba mbili za matofali mtaa mmoja, moja inaweza kubaki na nyufa na nyingine ikalala chini, kwa sababu ya mambo hayo hayo. Nilipolalamika nikajibiwa kwa adabu kwamba uchunguzi wa udongo na wa jengo ni huduma ya pekee. Wangeniambia kabla sijalipa.

Kuna ukurasa mmoja hapo niliosoma mara mbili, kuhusu sehemu ya hasara anayobeba mteja. Kwa tetemeko, mara nyingi huwa ni asilimia ya thamani iliyokatiwa bima. Ikiwa ni 10%, na nyufa zako zinatengenezeka kwa 8% ya thamani hiyo, hulipwi hata senti. Nilipofungua mkataba wangu, kipengele hicho kilikuwemo, kwa herufi ndogo kama kawaida yao.

Nyota nne kwa mafuriko, mbili kwa tetemeko. Mwenye nyumba bondeni au karibu na mto aichukue, ahakikishe tu kwamba watakuja kupima sakafu badala ya kumtumia ramani. Anayehofia tetemeko atafute mhandisi wa majengo. Mimi mwenyewe natafuta wa kuja kukagua kuta kabla sijahuisha bima.