Geji ya mshale au transmita? Uchambuzi kwa wazamiaji wa Mtwara

Wadau, habari za saa hizi. Niko hapa Mikindani, na mezani nina vitu viwili: geji ya mshale ya kusomea presha ya mtungi wa hewa, hii ya shaba yenye mpira wake, na hiki kidude cheusi, transmita, kinachorusha presha hiyo hadi kwenye kompyuta ya kuzamia inayovaliwa mkononi kama saa. Swali linalokuja kila mara: nikishanunua transmita, geji niivue? Mimi nasema usiivue.

Transmita kwanza, maana ndiyo inayowatoa watu udenda. Kusoma baa (kipimo cha presha) 140 au 90 si jambo la ajabu, geji yoyote inafanya hivyo. Utamu wake ni kwamba kompyuta inafuatilia unavyovuta hewa na kina ulichopo, kisha inakukadiria dakika ulizobakiwa nazo. Kwa bahari yetu hilo si dogo. Mkondo mkubwa unaotoka mashariki unaipiga pwani hukuhuku kusini, halafu unagawanyika, huu unapanda kaskazini, ule unashuka Msumbiji. Zama nje ya Ghuba ya Mnazi siku maji yanakwenda, uone pumzi zako.

Hebu tupige hesabu. Mtungi wa lita 11, umejaa baa 200. Toa baa 50 za akiba, unabaki na 150; zidisha kwa 11, ni lita 1,650 za hewa. Mtu anayevuta lita 20 kwa dakika akiwa juu, akifika mita 20 anavuta 60, kwa sababu presha kule ni mara tatu. Hapo ana dakika 27. Sasa apambane na mkondo, pumzi yake ya juu iwe lita 30: kule chini ni 90, na dakika zinashuka hadi 18. Mtungi uleule!

Kasoro zake? Redio haifiki mbali ndani ya maji ya chumvi, kwa hiyo vaa kompyuta mkono wa upande ilipo transmita. Flashi ya kamera nayo inaweza kukata mawasiliano kwa muda. Betri zake usitarajie kuzikuta kila duka la sokoni, kwa hiyo nunua za akiba mapema. Na jamani, msibebe regyuleta (kile kifaa cha kupumulia kinachofungwa kwenye mtungi, ndipo transmita inapokaa) kwa kushika transmita! Si mpini huo.

Sasa hii ya mshale. Ndani kuna kibomba kilichopinda. Presha ikiingia kinataka kunyooka, na kule kunyooka ndiko kunakosukuma mshale. Betri haina. Ila kuna kipimo kimoja kinachofanya niipende kuliko kompyuta zote. Fungua koki ya mtungi, kioo cha geji ukikigeuza mbali na uso. Halafu vuta pumzi nne tano nzito huku unautazama mshale. Mshale ukitulia, sawa. Mshale ukiwa unashuka kila unapovuta na kurudi unapoacha, koki haijafunguka vizuri, usiingie majini. Transmita inatuma namba kila baada ya sekunde kadhaa, kwa hiyo mchezo huo wa haraka inaweza isiuonyeshe kabisa.

Nayo ina ugonjwa wake, nisiifiche. Chumvi ikiingia, mshale unakwama. Hewa ukishaitoa yote na mshale haurudi sifuri, peleka kwa fundi. Presha ikiwa chini sana, usomaji wake si wa kuaminika, ndiyo maana zile baa 50 hazichezewi. Ukiona vipovu vinatoka pale mpira unapoungana na geji, mara nyingi ni oringi ndogo, kile kipete cha mpira cha kuzuia uvujaji, kazi rahisi. Mpira wenyewe ukipasuka, kitundu cha hewa pale kwenye regyuleta ni kidogo mno, kwa hiyo mtungi hauishi papo hapo. Bado unampa mwenzako ishara na mnapanda.

Regyuleta nyingi zina matundu mawili ya presha kubwa, kwa hiyo vyote viwili vinakaa. Vikipishana baa chache, endelea. Vikipishana sana, amini kinachosoma kidogo na umalize mbizi.

Kama mfuko unaruhusu kimoja tu, chukua ya mshale, ni rahisi kuliko transmita kwa mbali. Pesa itakayobaki, fanyia sevisi regyuleta yako.