Pazia za RV: kubadilisha kamba au kuweka za kuroll? Uzoefu wangu

Wadau habari za saa hizi. Leo naongelea pazia za RV, yani yale magari makubwa ya safari yenye vitanda na jiko ndani, najua kuna watu watacheka ila wenye RV za zamani watanielewa, maana mtu akienda kununua anakagua injini, anapanda juu kuangalia kama paa linavuja, anapiga teke matairi, pazia hata hagusi, halafu usiku wa kwanza kambini ndo anagundua nusu ya pazia hazishuki na nusu nyingine zikishuka hazipandi.

Yetu ni ya 2006, ile aina yenye kitanda juu ya kichwa cha dereva, imejengwa kwenye chesesi ya Ford E-450, tuliinunua kwa mzee mmoja hapa hapa Texas. Tunakaa Houston kwa hiyo nikisema jua elewa ni jua la Houston, mtu wa Minnesota au Seattle pazia zake zinaweza kudumu mara mbili ya zangu. Zilizokuja na gari ni zile za mikunjo mikunjo, za mchana na usiku, yani pazia moja lina vitambaa viwili, kimoja chepesi kinaingiza mwanga ila aliye nje haoni vizuri ndani, kingine kizito cha kulalia. Reli ni tatu za alumini, juu, kati na chini, ukisogeza ile ya kati unachagua kitambaa gani kikae kwenye kioo. Aliyebuni alifikiria sana, sina ugomvi nae. Ugomvi wangu ni kamba.

Maana hizi hazina kamba ya kuvuta pembeni kama pazia za nyumbani. Kamba yenyewe nyembamba, inaanzia kwenye springi iliyofichwa ndani ya reli ya juu, inapita kwenye vitundu vya mikunjo, ikifika reli ya kati inavuka upande wa pili, ya kushoto inaenda kulia na ya kulia inakuja kushoto, inatoka inaendelea mpaka chini ya dirisha inafungwa kwenye kifungo cha plastiki ukutani. Huo msuguano wa kwenye reli ndo unaofanya pazia likae pale ulipoliacha. Kamba ikilegea pazia linashuka lenyewe usiku umelala. Na ikikatika, asilimia kubwa inakatikia palepale, inapotoka kwenye reli, kwa sababu kuna kiringi kidogo cha plastiki kinachoizuia isiguse bati, kikikauka na jua kinapasuka, basi kuanzia hapo kamba inasagwa na ukingo wa alumini kila ukifungua na kufunga, na gari likiwa barabarani linatikisika kwa hiyo inasagika hata kama hujaigusa mwezi mzima.

Nilianza kwa kuulizia kwa wauzaji wa RV huku kwetu, sitaji jina. Wakaniambia wao hawarekebishi kamba, wanabadilisha pazia zima, saa moja ya fundi peke yake inazidi dola 150 na makadirio ya madirisha yote yakaja dola 2,000 na ushee. Kwa pazia! Nikawashukuru nikaondoka, mke wangu kwenye gari anacheka tu.

Basi nikaagiza seti ya kamba mtandaoni, dola 20 na kitu. Ndani unakuta bunda la kamba, springi, viringi vya plastiki na vile vifungo vya ukutani. Kitu cha kuangalia kabla hujabonyeza kununua ni unene, kuna kamba ya milimita 0.9 na kuna ya 1.4, pima au linganisha na iliyopo, nene ukiilazimisha kwenye vitundu vya nyembamba pazia linakuwa zito halipandi. Ubora wa kamba yenyewe sina neno, hata majira ya joto ya hapa imepita salama. Karatasi ya maelekezo sasa, aisee, mchoro mmoja umefifia, mishale inapishana huelewi ipi inaanza wapi. Nyota moja naitoa hapo.

Kazi yenyewe inaanza kwa kuvua lile boksi la mbao lililovalishwa kitambaa kuzunguka dirisha, limeshikwa na skrubu kwa ndani kwenye kona, ukilitoa ndo pazia unaliona lote. Piga picha kila hatua na simu, hasa ile njia ya kamba kwenye reli ya kati, maana ukishaivuruga hiyo hakuna karatasi itakayokuokoa. Kama kamba ya zamani haijakatika usiing'oe, choma ncha yake na ncha ya mpya kwa laita, zishikanishe na tone la supagluu, acha zikauke kabisa, halafu vuta ya zamani taratibu nayo inaburuza mpya kwenye vitundu vyote. Hapo unaona raha. Ambazo zilikuwa zimeshakatika ilibidi nitumie waya mwembamba nimeukunja kichwa kuwa sindano, mikunjo nimeibana kwa vibanio vya nguo ili vitundu vikae mstari mmoja, ukiruka kitundu kimoja utajua baadae pazia likianza kukunjika upande. Viringi badilisha vyote hata ambavyo vinaonekana vizima, kuweka kamba mpya na kuacha kiringi kilichopasuka ni kuipeleka kamba machinjioni.

Ukazaji ndo unataka subira. Shusha reli ya kati mpaka nusu ya dirisha uiachie, ikipanda au ikishuka yenyewe kaza kidogo pale kwenye kifungo cha chini, rudia. Usikaze mpaka springi inyooke yote kwa sababu ikinyooka hairudi, umeiua. Na kuna jamaa alinishauri nitumie mshipi wa kuvulia samaki, eti hauchakai. Mshipi unateleza, sasa pazia linalotegemea msuguano ukiliwekea kitu kinachoteleza litakaa vipi? Nunua kamba yenyewe, bei ni ile ile.

Pazia la kamba mbili nililizoea haraka, mchana mmoja unaweza kumaliza kadhaa huku unapiga stori. Lile refu la kwenye meza ya kulia lina kamba nne, hilo tafuta mtu wa kukusaidia kushika, na asiwe mtoto.

Sasa kuna kitu nataka kusisitiza kwa sababu huko mtandaoni watu wanafundisha kubadilisha kamba kana kwamba ndo dawa ya kila pazia. Angalia kitambaa kwanza. Weka pazia kwenye mwanga, tazama vile vitundu vya kamba, kama vimeanza kuchanika vikawa virefu, au ukishika mkunjo kwa vidole unatoa vumbi na kukatika, hiyo imeshapikwa na jua, kamba mpya itaipasua tu. Dirisha la kitandani nyuma na lile la kwenye slaidi (ile sehemu ya ukuta inayosukumwa nje kuongeza nafasi) upande wa sofa yalikuwa hivyo, mikunjo ilikuwa imebadilika rangi kabisa. Haya nikaamua kuweka za kuroll.

Za kuroll ni bomba lenye springi ndani, kitambaa kimezungushwa, unavuta chini unaacha. Niliagiza kwa vipimo, kitambaa kizito cha giza kabisa, kwa wastani dola 90 kwa dirisha. Vipimo usipime kioo, pima nafasi iliyopo katikati ya miguu miwili ya lile boksi, yani mbao zake za pembeni, juu, kati na chini, chukua ndogo kuliko zote, na hapo bado soma fomu yao vizuri kama wanapunguza wao wenyewe au unapunguza wewe. Moja ilikuja pana kwa nusu inchi kuliko nilichoandika, nikawatumia picha ya futi ikiwa juu ya bomba, wakatuma nyingine bila maneno mengi, ila kusubiri kulikuwepo. Kwenye slaidi hakikisha bomba halitokezi, slaidi ikirudi ndani lisije likagonga kabati. Za kwangu zilipita ila kwa nafasi ndogo sana, kidole kimoja.

Sifa zake kwanza: asubuhi hakuna mwanga unaoingia katikati ya kitambaa, tunalala mpaka tunachoka, na kufungua ni sekunde. Kufuta vumbi ni kitambaa chenye maji tu, zile za mikunjo ukizilowesha ovyo mikunjo inalegea. Ubaya wake ni kwamba upana wa kitambaa ni mdogo kuliko wa bomba, kwa hiyo pembeni kushoto na kulia unabaki mstari wa mwanga, na kile chuma cha chini ukiwa barabarani kinagonga ukuta kama masufuria ya mama ntilie anayehama. Niliweka visumaku viwili chini kelele zikaisha. Halafu huna tena ule uchaguzi wa mchana na usiku, aidha giza aidha wazi. Zipo zenye bomba mbili, nyepesi na nzito, lakini bei inapanda na zinataka nafasi zaidi ndani ya boksi, yangu isingetosha.

Kuhusu kufunga, ukuta wa RV nyingi ni plaiwudi nyembamba imegundishwa kwenye foumu, skrubu haina cha kung'ata. Tundu likishalegea kuna ujanja wa mafundi seremala, chovya njiti za meno kwenye gundi ya mbao, zijaze kwenye tundu, zikikauka zikate usawa wa ukuta, skrubu inashika vizuri kabisa. Usikimbilie skrubu ndefu, humo ukutani kuna nyaya.

Upande wa dereva sikununua kitu. Mama mkwe alikuja kututembelea kutoka Tanga, tukaenda nae pwani ya Galveston, usiku taa za jirani zinaingia kwenye vioo vya mbele zinamulika mpaka ndani, akauliza, "Baba, hii nyumba yenu sebuleni haina pazia?" Tuliporudi akaomba mashine, akachukua doti ya kitenge aliyokuja nayo, akaweka bitana nyeusi nyuma, akapitisha waya kwenye pindo la juu, mimi nikapiga kulabu mbili, moja kila upande. Linatenganisha kabini na huku nyuma, tukisafiri linakusanywa pembeni linafungwa. Kati ya vyote nilivyofanya ndo kitu ambacho wageni wanakisifia, pazia zangu za vipimo hakuna aliyeziona.

Watu wengi mnaniuliza kuhusu joto. Nisiwadanganye, pazia lolote la kitambaa la ndani halizuii joto kiasi hicho, jua likishapita kwenye kioo joto limeshaingia, kitambaa kinachelewesha tu, na cheusi kinalinyonya. Kiyoyozi chetu cha juu ni BTU 13,500 (kipimo cha nguvu ya kupoza), mchana wa Agosti ikiwa nje ni zaidi ya nyuzi 38 kinahangaika mpaka unakionea huruma. Kilicholeta nafuu ni zile shiti za foili zenye mapovu, unakata saizi ya kioo cha kabini unabandika kwa ndani, na madirisha ya upande wa magharibi tukipaki tunashusha lile turubai la kivuli la nje. Za kuroll nyeupe kwa upande unaotazama nje zinasaidia zaidi kwa joto kuliko nyeusi pande zote, hii ulizieni mapema maana mara nyingi bei ni moja.

Kwa hiyo hesabu yangu: kwenye seti za kamba hata dola 60 sikufika, mbili za kuroll kama 180, kitenge bure kwa maana ya kwamba mama amegoma kulipwa. Dirisha dogo la mlangoni sijaligusa, kamba yake ya 2006 bado inafanya kazi, liko kivulini muda wote. Kama una pazia la kamba nne na huelewi mchoro wa seti, niambie nikutumie picha zangu za reli ya kati, ila taja upana wa dirisha lako kwanza kwa sababu vitundu vya kamba haviko sehemu moja kwenye saizi zote.