Kliniki ya CTC (huduma na matibabu ya VVU) ninayochukulia dawa Moshi: nyota nne

Nauza mitumba soko la Memorial, na kliniki ikinishika mpaka saa nane mchana ujue siku hiyo sijauza. Hapa ukifika saa moja na nusu, saa nne umeshatoka. Ukiwa umefubaza virusi unapewa dawa za miezi sita kwa mkupuo, bila kuzungushwa.

Lakini nyota zenyewe nazitoa kwa ajili ya somo la asubuhi. Kwingine somo ni "msiache dawa", basi. Hapa nesi anabandika manila ukutani anachora. Babu mmoja wa Kibosho alimuuliza, "Sista, mimi nalima, nakula, nalala. Hivi vidonge bado vya nini?"

"Babu, ngoja nikuchoree kinachotokea kwenye mitoki, zile tezi za kinga."

Akachora seli ya CD4, askari wa kinga ya mwili. Kumbe nyingi zinazokufa hazikuzalisha hata kirusi kimoja! Kirusi kinaingia, kinaanza kujinakili, kinakwama njiani; seli ikivigundua vile vipande vya nakala inajilipua yenyewe. Watafiti wa taasisi ya Gladstone, Marekani, walichapisha hayo mwaka 2014: kwenye tishu za kinga walizopima, kama za tonsili na wengu, zaidi ya asilimia 95 ya CD4 zilizokufa zilikuwa za namna hiyo. Na seli ikipasuka inamwaga kemikali za kuleta uvimbe, uvimbe unaita CD4 nyingine, nazo zinakuja kuingia mlemle.

"Ni msiba unaoita waombolezaji, nao wanafia matangani," akasema. Benchi zima likaguna.

CD4 zikishuka chini ya 200 kwa mikrolita moja ya damu, kifua kikuu na homa ya uti wa mgongo ya fangasi hupata upenyo mkubwa zaidi. Vidonge vinazuia virusi visizaliane, kinga inaanza kujijenga, ingawa kwa aliyechelewa kuanza CD4 hupanda polepole.

"Kwa hiyo nikiacha, matanga yanaanza upya?"

"Yanaanza, babu."

Nyota niliyokata ni ya dirisha la dawa. Linatazamana na benchi la kliniki ya watoto, na anayegawa anaita majina kwa sauti ya kondakta. Kopo nalo linachakarika mkobani. Mimi hulizungushia kipande cha khanga kabla sijaondoka dirishani, na foleni nyuma inasonya. Pazia la shilingi ngapi hilo?

Epukeni Jumatatu. Panajaa, na sista hapati muda wa kuchora.